Maoni Yangu Kuhusu Bibi Mwavuli

2 Februari

Dada,

Salamu zote unazijua, zipange mwenyewe hapa juu, kisha tuingie kwenye habari yenyewe. Alhamisi hii, saa moja na nusu jioni, usisuke mtu. Sehemu mpya ya "Ghorofa ya Tatu" inatoka, na nimeiandika mimi peke yangu, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Miaka yote hii nimekuwa mtu wa kuongezea vichekesho kwenye kazi za wenzangu, natia chumvi kwenye chungu kisicho changu. Safari hii chungu ni changu. Jina langu litatokea mwanzoni kabisa, kabla hata mlango wa lifti haujafunguka.

Nataka maoni yako kama kawaida, na usiniandikie kama dada, niandikie kama mtazamaji. Hapa ofisini barua zako zina heshima kuliko ripoti za wale jamaa wa kupima watazamaji. Ulipoandika kwamba Mwenye Nyumba amechosha, kwamba mtu hawezi kugonga milango kwa mzaha uleule mwaka mzima, niliwasomea wenzangu kwa sauti, na wiki iliyofuata tukampeleka kung'olewa jino. Kwa hiyo ukisema mbovu nitaamini. Ukisema nzuri nitakunywa chai kwa amani.

Mweke Mama mbele. Kuna mhusika mpya, na humo ndani nimemwekea Mama zawadi yake. Sisemi zaidi, nisije nikaharibu.

Anaendeleaje na yule mwalimu wa matamshi? Mara ya mwisho nilipopiga simu alijaribu kuniambia kitu, halafu akakata. Mwambie nampenda.

Kitindamimba wenu

7 Februari

Mdogo wangu,

Umeomba maoni ya mtazamaji. Haya.

Nusu ya kwanza ni bora kuliko yote uliyowahi kuandika. Pale Mlinzi anapopandisha godoro kwenye ngazi, analisukuma linamrudia, analisukuma linamrudia, halafu anaanza kuligombeza kama mlevi anayekataa kwenda nyumbani, nilicheka mpaka chanuo likanidondoka. Saluni ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimemtangazia kila mteja kwamba mdogo wangu anatoka leo. Mwalimu mstaafu, yule mteja wangu wa kila Alhamisi, alikuwa chini ya kofia ya kukaushia. Akajitoa na rola zake kichwani, shingo bado inachuruzika maji, kwa sababu ndani ya kofia hasikii. Muuza dawa wa mlango wa pili alifunga duka akaja. Mama nilimweka mbele kabisa, kwenye kile kiti chenye mikono, taulo zake mapajani. Siku hizi ndiye anayekunja taulo zote za saluni, kwa ule mkono mmoja mzima, na wewe ukikunja yako ovyo anaikunjua mbele yako na kuanza upya. Jina lako lilipotokea alinyoosha kidole akaligusa pale kwenye kioo. Watu wakapiga makofi.

Halafu akaingia yule Bibi.

Bibi wa shali, mdomo umekwenda upande kidogo, ametoka kuugua kiharusi, anakiita kijiko "kesho", anamwita mkwewe "sabuni". Watu wakaanza kucheka, na Mama akacheka nao. Hilo nataka ulijue. Alicheka. Alinigeukia akanionyesha televisheni, kama mtu aliye ugenini aliyekutana na mtu wa kwao.

Kisha wageni wanaingia, bosi wa mwanawe na mkewe. Wanakaa. Bibi anasema, "Nifungulie mwavuli." Mwanawe anacheka, anamwambia hakuna mvua, Mama. "Nifungulie mwavuli." Mwanawe anakwenda kuuleta, anaufungua palepale sebuleni, anamshikia juu ya kichwa. "Mwavuli! Mwavuli!" Halafu kamera inashuka taratibu mpaka kwenye zulia.

Vicheko vyenu vya kubandika viliendelea kwa muda mrefu sana. Vya saluni navyo havikuwa haba. Muuza dawa alijipiga paja.

Siku ile ulipotuletea wale wenzako wawili wa studio, Mama alisema maneno hayohayo. Ni wewe uliyekwenda kuchukua mwavuli nyuma ya mlango. Ni mimi niliyepiga magoti na kitambaa cha deki. Wenzako walitoka nje wakijifanya wanaangalia gari. Walikuwa waungwana. Hawakuona kitu.

Mama hakulia, kama ndilo unalojiuliza. Aliacha kucheka, basi. Alichukua taulo iliyokwisha kukunjwa akaikunja tena, na tena, mpaka ikawa ndogo kama sabuni. Mwalimu mstaafu, ambaye hajui hili wala lile, alimwinamia akamwambia kwa wema, "Huyo bibi ni kiboko, eh?" Mama akafungua mdomo amjibu. Akaufunga.

Maoni yangu kama mtazamaji: sehemu ni nzuri. Hilo ndilo baya lake. Ingekuwa mbovu, watu wangeisahau.

Dada yako

16 Februari

Dada,

Barua yako nimeirudia mara nyingi. Ile nusu ya juu niliwasomea wenzangu, wakafurahi sana na habari ya mwalimu na rola zake. Nusu ya chini nimeikunja.

Umekasirika, na sikulaumu. Lakini nisikilize. Umesema mwenyewe kwamba Mama alicheka. Kama mtu aliyekutana na mtu wa kwao! Hiyo ndiyo zawadi niliyokuwa naisema. Lini umewahi kumwona mtu kama Mama kwenye televisheni? Wagonjwa wa kiharusi huwa wamelazwa, kinanda kinalia, na wanakufa kabla ya tangazo la sabuni. Bibi wangu anaishi. Anagombana, anadai chai yake, ana wivu na mkwewe. Simu hapa hazikatiki. Kuna mama mmoja ametuandikia kwamba mumewe tangu augue anaita kila kitu "tairi", na kwamba Alhamisi ile walicheka pamoja kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Huyo nimjibu nini? Nimwambie dada yangu hakupenda?

Kuhusu pale mwisho. Ndiyo, ni petu. Kila nilichonacho ni chetu, sina kisima kingine. Nilibadilisha sebule, nikabadilisha wageni. Hakuna anayejua ila sisi watatu na jamaa wawili ambao hata hawakumbuki.

Na wewe, Dada, usijifanye umeanza kuijua kazi yangu Alhamisi ile. Mlinzi ni nani? Ule mguu anaouburuta, ile tabia ya kugombeza vitu, umeviona wapi? Ni fundi viatu wa pale kona ya kwetu, na ulimtambua siku ya kwanza. Uliniandikia, "Umempatia mpaka kikohozi!" Miaka yote umemcheka. Juzi tu umemcheka na godoro lake. Sasa mguu wa fundi viatu ni mzaha, lakini mzaha ukifika mlangoni kwetu unakuwa msiba?

Samahani. Sikutaka kuandika hivyo, ila nimeshaandika kwa kalamu na sina nguvu ya kuanza upya.

Mama atakuwa sawa. Mwacheni atulie.

Mdogo wako

3 Machi

Mdogo wangu,

Hii usiwasomee wenzako.

Mama haongei. Usifikiri ni kule kukosea maneno. Haongei kabisa. Mwalimu wa matamshi alikuja na kadi zake za picha, kikombe, mlango, ndege. Mama aliziangalia zote kwa adabu, moja baada ya nyingine, kisha akafunika mdomo kwa mkono. Yule binti akanivuta pembeni: "Kuna kitu kimetokea hapa nyumbani?" Unafikiri nilimjibu nini? Nilimwambia tulitazama televisheni.

Unajua alikuwa amefika wapi? Alikuwa ameanza kulitaja jina lako. Alilifanyia mazoezi chumbani, kwa sauti ya chini, nikimsikia nikiwa nafua. Alitaka akushtue kwenye simu. Siku ile ulipopiga, lilimtoka nusu, akaona haya, akakata. Ndicho kitu alichokuwa anajaribu kukuambia.

Watoto wa mtaani wakipita mlangoni hunyanyua mkono juu, hubonyeza kidole gumba, "pwa!", mwavuli umefunguka. Hawamlengi Mama. Hufanyiana wao kwa wao mmoja akibanwa haja. Shuleni ndiyo lugha yao sasa. Na wiki iliyopita mteja mmoja, mtu mstaarabu tu, aliinuka kitini na dawa ya nywele kichwani, akataka kuuliza choo kiko wapi. Akasema, "Nifungulieni mwavuli, jamani!" Saluni nzima ikaangua kicheko. Mama alikuwa palepale na taulo zake. Aliziweka chini, akainuka akishikilia ukuta, akapanda ngazi mwenyewe. Tangu hapo hajashuka. Amekaa chumbani, mlango umerudishwa.

Kwa fundi viatu umenipata, na sina la kujitetea. Nilikwenda kumtafuta. Kibanda kimefungwa. Muuza magazeti wa pembeni anasema amehama tangu mwaka jana, alichoka kuitwa Mlinzi na watu ambao hata hawajawahi kumpa kiatu. Mimi nilikuwa napita pale nikidhani biashara imemshinda. Haya, sasa najua, na kujua kwangu hakumsaidii yeye wala Mama.

Tangu uondoke nyumbani sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba. Mtoe yule Bibi. Muueni, msafirisheni, mwozesheni mbali, mnajua wenyewe mnavyofanya. Asionekane tena.

Dada yako

27 Machi

Dada,

Nimekwenda kwa Mkuu wa kipindi. Nilifunga mlango kabisa.

Nikamwambia, "Bibi amemaliza kazi yake. Tumsafirishe."

Aliniangalia kama niliyemwambia tubomoe studio. "Unajua watu wanamwitaje huko nje?"

"Bibi Mwavuli."

"Basi. Watu wakishampa mhusika jina lao, si wako tena."

Ikabidi nimwambie. Nikasema Bibi ni mama yangu mzazi, na kwamba anaumia. Alinipa pole, tena ya kweli, akazunguka meza akanishika bega. Kisha akasema, "Ndiyo maana anaishi vile. Tuletee zaidi."

Najua utasema acha kazi. Nimelifikiria. Lakini nikiacha, Bibi ataandikwa na yule kijana wa meza ya dirishani, ambaye kichekesho chake kikubwa ni mtu kujamba kwenye lifti. Nikiwepo ninaweza kumlinda. Tayari nimekataa mambo mawili ambayo ungeyaona ungevunja televisheni. Halafu wamenifanya mwandishi mkuu. Sikuiomba nafasi hiyo, wameniletea wenyewe, na ukiwa juu ndipo unapoweza kuzuia mambo. Nivumilie kidogo.

Mama amerudisha maneno? Niandikie, tafadhali. Hata mojamoja, na uyaandike vilevile anavyoyatamka. Hasa yale ya kukosea, nadhani ndiyo yanayoonyesha kama anapata nafuu.

Mdogo wako

15 Aprili

Mdogo wangu,

Mwisho wa barua yako niliusoma nimesimama. Nikakaa.

"Hasa yale ya kukosea."

Labda ulikuwa na nia njema. Labda hata wewe hujui ulichoniomba, mkono umeshazoea. Lakini kuanzia leo sitakuandikia Mama anasema nini, wala kama anasema au hasemi. Akiumwa nitakuambia. Akikuhitaji nitakuambia. Maneno yake hapana. Uliyochukua yanatosha.

Haya ni maoni yangu ya mwisho kama mtazamaji, maana televisheni nimeishusha ukutani, wateja walalamike wanavyotaka. Tangu ukose pa kuchota, Bibi wako amekuwa mpumbavu. Alhamisi iliyopita alimwita paka "kabati", na paka akaingia kabatini. Watu walicheka kwa mazoea tu. Nani mwenye ugonjwa ule anayeongea hivyo? Mama hakuwahi kuokota neno lolote tu na kulitupa. Kulikuwa na njia, ukiwa na subira ya kumfuata. Kijiko alikiita "kesho" kwa sababu tulikuwa tunamwambia kila siku, utakishika mwenyewe kesho.

Na mwavuli? Mwavuli ni kitu kinachofunguliwa ili kikusitiri. Mama alibanwa mbele ya watu asiowajua, akawa anaomba asitiriwe. Alikuwa amelikaribia neno kabisa. Mimi nilikuwa jikoni, nilisikia nikachelewa. Wewe ulikuwa mbele yake, wewe mtu wa maneno, wewe unayelipwa kwa kusikia watu wanavyosema. Ukacheka, ukaenda kuleta mwavuli.

Dada yako

2 Juni

Dada,

Nimerudi salama. Asante kwa kunipokea. Asante kwa kitanda, na kwa kunikata nywele bila kuniuliza.

Pale ngazini nilipokuambia nimeacha kazi, ulisema "sawa" kama mtu aliyeambiwa maji yatakatika. Sikukulaumu. Sikuacha kishujaa. Waliniletea sehemu ambayo Bibi anapotea sokoni na watu wanampa mwavuli kila anapoomba njia. Ilikuwa inachekesha. Nilicheka mwenyewe, chumba kizima kinaniangalia mimi kama kinangoja ruhusa, nikacheka. Kisha nikachukua koti. Hivyo tu.

Kuna jambo sikukuambia. Siku niliyokuja sikufika jioni kama nilivyosema. Nilifika mchana. Nilizunguka nyuma, pale mnapoanika taulo, kwa sababu nilikuwa sijajua nitaingia na uso gani. Dirisha la saluni lilikuwa wazi. Nikamsikia Mama.

Anaongea, Dada. Alikuwa anamsimulia mwalimu mstaafu habari ya mimi nilipokuwa mdogo na kuingia kwenye pipa la unga nikashindwa kutoka. Maneno mengi yalikuwa ya ajabu, sitayarudia hapa, lakini mwalimu alikuwa anaitikia, "Ehe, halafu?", na Mama anaendelea, anacheka mpaka anakohoa. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya taulo zenu, nikasikiliza mpaka mwisho. Sijawahi kusikia mtu akisimulia vizuri vile.

Jioni ndipo nikapiga hodi. Kilichofuata umekiona. Alinishika uso kwa mkono wake mzima, akanitazama kwa muda mrefu. Alinimiminia chai mwenyewe. Alinikunjia mashati yote, hata yale machafu. Na siku zote nilizokaa hakunitolea hata sauti moja. Nikiingia chumbani, ananyamaza katikati ya neno. Nikitoka, namsikia anaanza tena. Usiku wa mwisho nilimwambia kupitia mlangoni kwamba nimekosa. Taa ilikuwa inawaka. Ilizimwa.

Mlinificha. Sijui nani aliamua, wewe au yeye. Nakuomba umwambie tena kwamba nimeacha. Mwambie sina kipindi, sina meza, siandiki kitu isipokuwa barua hii. Halafu mwulize kwa nini. Jibu lolote nitalipokea.

Kitindamimba wenu

9 Juni

Mdogo wangu,

Ni kweli, anaongea. Alianza na mwalimu wa matamshi, mlango umefungwa. Kisha akaongea na mimi, kisha na mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa anapanda juu na rola kichwani ili amletee habari za mtaani, mpaka Mama akakubali kushuka tena. Hatukukaa kikao tukuamulie. Mimi nilinyamaza kwa sababu yangu, yeye akanyamaza kwa yake, na hatukuulizana. Ulipopiga hodi nilidhani atakusemesha. Nilisimama pale na mkasi mkononi nikingoja kama wewe. Hata mimi iliniuma.

Nimemsomea barua yako. Yote, na pale pa ndoo pia. Alisikiliza huku anakunja taulo. Nilipofika kwenye pipa la unga alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka, akanyoosha mkono nimwonyeshe karatasi. Alipitisha kidole kwenye ile mistari, polepole, kama aliyekuwa akitafuta kitu chake kilichopotea. Akanirudishia.

Nikamwambia, "Ameacha ile kazi, Mama. Hayuko tena kule. Huyo Bibi sasa anaandikwa na mtu mwingine."

Akaitikia kwa kichwa. Alielewa.

"Basi kwa nini hukumsemesha mwanao? Amekuja mpaka hapa."

Akaanza kutafuta neno. Unamjua anavyotafuta, macho yanakwenda juu, midomo inajaribu kwanza bila sauti. Akasema, "Chanuo." Akakataa mwenyewe. Akasema, "Kioo." Akakataa, akakasirika, akapiga mkono wa kiti. Nilitaka nimsaidie, akaninyamazisha kwa kiganja. Nikasubiri. Mteja alikuwa ananiita chini, nikamwacha aite.

Halafu akalipata, zima, halikupinda mahali popote, mpaka nikashtuka.

"Ataandika," akasema.

Dada yako